Mvua Ikikosekana, Mbu Huhamia Nyumbani

Wakazi wengi wa mijini huamini kwamba habari za mvua ni za mkulima. Wakimsikia mtabiri wa hali ya hewa akitaja milimita kadha wa kadha, hujiuliza tu kama wabebe mwavuli, au kama barabara ya kwendea kazini itafurika. Ukame nao huonekana kuwa msiba wa wafugaji walio mbali. Wapo hata wanaoshukuru jua linapowaka miezi mingi mfululizo, wakisema kwamba angalau sasa watapumzika mbu.

Msomaji, wanaosema hivyo wanajidanganya. Wapo mbu ambao hawaondoki ukame unapoingia. Vidimbwi vya nje vikikauka, mbu hao hutaga mayai katika maji ambayo binadamu ameyaweka akiba: katika pipa la bafuni, mtungi wa jikoni na tangi lisilo na mfuniko. Kadiri mfereji unavyokauka, ndivyo watu wanavyozidi kuteka na kuhifadhi, na ndivyo mbu anavyozidi kuandaliwa makao.

Somo la leo tunalitoa katika visiwa vya Karibea, ambako wapima mvua na wataalamu wa afya wamejifunza kufanya kazi pamoja. Kisha tutaona kwamba kisiwa chetu cha Lamu kiliwahi kutufunza jambo lilo hilo, kwa gharama kubwa.

Kiu katikati ya bahari

Visiwa vya Karibea vimetapakaa kati ya Amerika ya Kaskazini na Amerika ya Kusini, kuanzia Cuba na Jamaica upande wa magharibi hadi Barbados na Trinidad upande wa mashariki. Sehemu kubwa ya visiwa hivyo ina misimu miwili. Kiangazi huwa kati ya Desemba na Mei, nayo mvua hunyesha kuanzia Juni hadi Novemba, wakati uleule wa vimbunga.

Mtu anayeviona visiwa hivyo katika picha, pamoja na minazi yake na bahari yake ya samawati, hawezi kudhani kwamba vina shida ya maji. Lakini maji ya chumvi hayanyweki. Barbados haina mito mikubwa, na wakazi wake hutegemea zaidi maji ya mvua yaliyojichuja na kutuama chini, ndani ya miamba ya matumbawe. Antigua hutegemea mabwawa, visima na mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Nchi kubwa ikipatwa na ukame katika sehemu moja, huweza kuvuta maji kutoka sehemu nyingine. Kisiwa kidogo hakina jirani wa kukiazima mtungi.

Kati ya mwisho wa mwaka wa 2009 na mwanzo wa 2010, mvua zilipungua mno katika visiwa vingi vya mashariki ya Karibea. Mapema mwaka wa 2010 serikali ya Saint Lucia ilitangaza hali ya dharura kwa sababu ya uhaba wa maji. Mwishoni mwa Oktoba mwaka uo huo, kimbunga kilichoitwa Tomas kikakipiga kisiwa hicho kwa mvua kubwa. Ardhi iliporomoka, matope yakaingia katika bwawa la John Compton, na watu waliokuwa wakililia mvua wakakosa maji ya mfereji kwa sababu ya mvua hiyohiyo. Mwaka wa 2015 ukame ulirudi tena katika eneo hilo, na bwawa la Potworks kule Antigua likakauka.

Katika nyakati zote mbili, maji ya Bahari ya Pasifiki yalikuwa yamepata joto kuliko kawaida, hali inayoitwa El Niño. Hapa Kenya jina hilo hutukumbusha mafuriko ya mwaka wa 1997. Karibea mambo huwa kinyume. El Niño ikija, mara nyingi mvua zao hupungua, hasa katika nusu ya pili ya msimu. Joto la bahari moja huweza kuwafurikisha watu huku na kuwakausha wengine kule.

Mvua hupimwaje?

Kifaa cha kupimia mvua huitwa kipimamvua. Ni chombo cha mviringo chenye mdomo wazi na faneli ndani yake, inayopeleka maji kwenye chupa. Huwekwa mahali peupe, mbali na miti na kuta, ili matone yasizuiwe. Kila siku, saa ileile ya asubuhi, mtu huenda akapima kina cha maji yaliyokusanyika na kukiandika kwa milimita.

Milimita moja ni kiasi gani? Hesabu yake ni rahisi. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila mita mraba ya ardhi. Ikiwa paa la nyumba yako lina ukubwa wa mita mraba 50, mvua ya milimita 4 inatosha kulijaza pipa la lita 200, usipohesabu maji yanayomwagika. Kwa hiyo mtabiri anapotaja milimita, anataja pia mapipa.

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba siku isiyokuwa na mvua huandikwa pia. Mpimaji huandika sufuri. Sufuri iliyoandikwa ni habari: inaonyesha kwamba mtu alikwenda, akatazama, akakuta hakuna kitu. Nafasi iliyoachwa wazi haisemi chochote. Haijulikani kama mvua haikunyesha au kama mpimaji hakufika. Ukame hutambuliwa kwa sufuri hizo zilizopangwa moja baada ya nyingine. Kituo kinachopima siku za mvua tu hakiwezi kuuona ukame ukija.

Siku hizi kuna setilaiti zinazokadiria mvua kutoka angani, nazo zinasaidia sana. Hata hivyo, katika visiwa vidogo haziwezi kutegemewa peke yake. Kisiwa kama Dominica kina milima mirefu. Upande unaopokea upepo wa bahari na vilele vyake hupata mvua tele, nao upande wa pili huwa mkavu zaidi, ingawa pande hizo zimetenganishwa na safari fupi tu ya gari. Setilaiti huweza kuuchanganya upande mmoja na mwingine, au kuuchanganya mlima na bahari. Ndiyo sababu vipimamvua vingi, vinavyosomwa na watu waaminifu, bado vina kazi.

Ukame ni nini hasa?

Ukame si kukosa mvua tu. Jangwa halina mvua miaka yote, wala hatusemi kila mwaka kwamba limepatwa na ukame. Ukame ni kupata mvua pungufu kuliko ile ambayo mahali hapo pamezoea, katika wakati huo wa mwaka, kwa muda mrefu kiasi cha kuleta madhara.

Chukua mfano wa vituo viwili. Kila kimoja kwa kawaida hupata milimita 300 katika miezi mitatu, na mwaka huu kila kimoja kimepata 120. Je, hali yao ni sawa? La. Tuseme kwamba katika miaka 30 iliyopita kituo cha kwanza kiliwahi kupata 100 mwaka mmoja na 500 mwaka mwingine. Watu wa huko wamezoea kupanda na kushuka, na 120 haitawashangaza sana. Kituo cha pili hakijawahi kupata chini ya 250 wala zaidi ya 350. Kwa hao, 120 ni balaa, kwa maana visima vyao, mazao yao na matangi yao hayakutayarishwa kwa kiasi hicho.

Ili kulinganisha mahali na mahali kwa haki, wataalamu wa Colorado nchini Marekani walibuni mwaka wa 1993 kipimo tunachoweza kukiita Fahirisi Sanifu ya Mvua. Kipimo hicho huchukua kumbukumbu za miaka mingi, yafaa zisipungue miaka 30, kisha husema mvua ya sasa iko mbali kiasi gani na kawaida ya mahali hapo. Sufuri maana yake ni hali ya kawaida. Namba zilizo juu ya sufuri ni unyevu, na zilizo chini yake ni ukavu. Ikifika kasoro 1, ukame wa wastani umeingia. Kasoro 1.5 ni ukame mkali. Kasoro 2 au chini ya hapo ni ukame uliokithiri, ambao kwa hesabu hutokea kama mara 2 tu katika kila nyakati 100.

Kipimo hicho hufanywa kwa muda mbalimbali. Cha mwezi mmoja au mitatu humfaa mkulima, kwa sababu huonyesha hali ya udongo. Cha miezi sita hadi kumi na miwili huonyesha hali ya mito, mabwawa na maji ya chini ya ardhi. Mtu huweza kuona manyasi yamechipuka baada ya manyunyu ya wiki mbili, akadhani ukame umekwisha, kumbe bwawa linalomletea maji ya mfereji bado liko taabani.

Visiwa vyafanya kazi pamoja

Mwezi wa Januari 2009, Taasisi ya Karibea ya Hali ya Hewa na Haidrolojia, iliyoanzishwa mwaka wa 1967 na yenye makao yake Barbados, ilizindua mtandao wa kufuatilia mvua na ukame katika eneo lote. Idara za hali ya hewa za visiwa hupeleka hesabu zao, na taasisi hiyo huzikusanya, huzilinganisha na kumbukumbu za miaka iliyopita, kisha huchora ramani zinazoonyesha mahali palipo pakavu, palipo pa kawaida na palipolowa. Hutoa pia makadirio ya miezi inayokuja.

Mtandao huo ulikuwa mchanga bado ukame wa 2009 na 2010 ulipoingia. Ramani zake zilisaidia kuonyesha ukubwa wa tatizo, na serikali zikaona faida ya kuwa na macho mamoja juu ya bahari nzima. Kisiwa kimoja kikitazama vipimamvua vyake peke yake, kinaweza kudhani ni bahati mbaya ya mwezi. Visiwa kumi vikionyesha upungufu uleule, hiyo si bahati mbaya tena, na ni wakati wa kuanza kugawa maji kwa uangalifu kabla ya bwawa kukauka.

Hatua iliyowahusu zaidi wasomaji wa ukurasa huu ilifuata mwaka wa 2017. Taasisi hiyo iliungana na Shirika la Afya ya Umma la Karibea, ambalo makao yake makuu yako Trinidad, pamoja na Shirika la Afya la Amerika, kutoa taarifa ya pamoja kila baada ya miezi mitatu. Taarifa hiyo huwaeleza wakuu wa afya hali ya hewa inayotazamiwa, na maradhi yanayoweza kuongezeka kwa sababu ya hali hiyo. Daktari huweza kuisoma mvua kabla mgonjwa hajafika mlangoni.

Maradhi yanayofuatana na ukame

Watu wakitaja ukame na afya, hukumbuka njaa kwanza. Hiyo ni kweli, lakini yapo maradhi mengine ambayo humfikia hata mtu wa mjini aliye na chakula cha kutosha.

La kwanza ni kuhara. Maji yakiadimika, kitu cha kwanza kupunguzwa nyumbani ni maji ya kunawa mikono. Watu hutumia maji ya kunywa, kupikia na kuogea, lakini mikono huachwa. Aidha, mfereji unapofungwa na kufunguliwa, uchafu wa nje huweza kunyonywa ndani ya bomba lililopasuka. Maji ya kwanza baada ya mgao huwa hatari kuliko yanavyoonekana.

La pili ni vumbi. Watu wa Karibea hupokea vumbi linalopeperushwa na upepo kutoka jangwa la Sahara, kuvuka Bahari ya Atlantiki yote. Kule Barbados wanasayansi wamekuwa wakilipima vumbi hilo tangu mwaka wa 1965. Likizidi, wenye pumu na wazee wenye shida ya mapafu huhitaji kujihadhari, na ndiyo sababu taarifa ile ya afya hulitaja vumbi pia.

La tatu, ambalo ndilo kiini cha somo letu, ni maradhi ya mbu aitwaye Aedes aegypti. Huyu si yule mbu wa malaria. Ni mweusi mwenye madoadoa meupe miguuni, hupenda kukaa ndani na karibu na nyumba za watu, na huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya jua kutua. Yeye ndiye anayesambaza homa ya dengi, ambayo pia huitwa kidingapopo, pamoja na chikungunya, zika na homa ya manjano.

Mbu huyu hahitaji kinamasi. Humtosha maji yaliyotulia katika chombo. Mayai yake huyabandika kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Chombo kikikauka, mayai hayafi upesi. Huweza kungoja miezi kadhaa, na maji yakipanda tena hadi yalipo, huanguliwa. Kutoka yai hadi mbu anayeruka, katika joto la pwani, huchukua kama siku saba hadi kumi.

Sasa, msomaji, ona jinsi ukame na mvua vinavyosaidiana. Wakati wa ukame watu hujaza mapipa na mitungi, na mbu huzaana humo bila kuhitaji mvua. Mvua ikirejea, matairi makuukuu, makopo, vifuu vya nazi na mapipa yaliyosahauliwa uani hujaa maji, na mayai yaliyokuwa yakingoja huanguliwa kwa pamoja.

Hesabu za Barbados

Je, jambo hili ni dhana tu? Wanasayansi walichukua takwimu za dengi za Barbados kuanzia Juni 1999 hadi Mei 2016, wakazilinganisha na kumbukumbu za joto na za mvua, wakitumia ile fahirisi tuliyoieleza hapo juu. Matokeo yao yalichapishwa mwaka wa 2018. Waligundua kwamba hatari ya dengi iliongezeka baada ya ukame uliotangulia kwa muda wa hadi miezi mitano, na iliongezeka pia baada ya mvua nyingi iliyotangulia kwa mwezi mmoja au miwili.

Kwa lugha nyepesi, kipindi cha kuogopwa zaidi ni kile ambacho ukame umefuatwa na mvua kubwa. Faida ya ugunduzi huo ni muda. Mtu akingoja wagonjwa wajae hospitalini ndipo apige dawa ya mbu, amekwisha kuchelewa. Lakini akiona fahirisi inashuka, ana miezi kadhaa ya kuwahimiza watu wafunike mapipa, kuwapa wauguzi mafunzo na kuagiza vipimo.

Hata hivyo, tusiizidishe hoja. Si kila ukame huleta dengi. Lazima virusi viwepo tayari au viletwe na msafiri, na wawepo watu wengi ambao miili yao haijapata kinga. Kipimamvua hakitabiri mgonjwa. Kinaonyesha wakati mlango umeachwa wazi.

Lamu mwaka wa 2004

Pwani ya Afrika Mashariki ina historia yake katika jambo hili. Jina lenyewe chikungunya limetoka katika lugha ya Kimakonde, likimaanisha kitu kinachompindisha mtu, kwa jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Ugonjwa huo ulitambuliwa kwa mara ya kwanza na wanasayansi kusini mwa Tanganyika mwaka wa 1952 na 1953, katika Uwanda wa Makonde, eneo linalojulikana kwa uhaba wa maji.

Katikati ya mwaka wa 2004, watu wa Lamu walianza kuugua homa kali na maumivu ya viungo. Wengi walidhani ni malaria. Uchunguzi wa damu ulionyesha kwamba ni chikungunya, na watafiti waliopima damu za wakazi baadaye walikuta kwamba kama robo tatu ya waliopimwa walikuwa wameambukizwa. Wataalamu walipotazama kumbukumbu za hali ya hewa, walikuta kwamba miezi iliyotangulia ilikuwa mikavu na yenye joto kuliko kawaida. Walieleza kwamba maji yaliyohifadhiwa nyumbani, ambayo hayakuwa yakibadilishwa mara kwa mara kwa sababu ya ukame, huenda ndiyo yaliyowalea mbu hao.

Moto huo haukuishia Lamu. Ugonjwa ulifika Mombasa kabla ya mwaka kumalizika, mwaka wa 2005 ukaingia visiwa vya Komoro, kisha ukakipiga kisiwa cha La Réunion, ambako zaidi ya theluthi moja ya wakazi waliugua. Ilipofika Desemba 2013, chikungunya ya aina nyingine ilitangazwa katika kisiwa cha Saint Martin, na ikasambaa katika Karibea yote.

Mombasa nayo ni kisiwa, na maji yake mengi hutoka bara kwa mabomba. Mfereji ukikauka, kila nyumba hujaza mapipa. Mji huo umepatwa na mlipuko wa dengi mwaka wa 2013, tena mwaka wa 2017 na tena mwaka wa 2021. Mkazi wa Mombasa asidhani kwamba habari za Barbados ni za watu wengine.

Wahenga wetu wa Lamu walikuwa na akili yao katika jambo hili. Katika birika za nyumba za kale, mlimohifadhiwa maji ya kuogea, walifuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi. Chini ya birika waliweka bakuli la kauri, ili maji yakipungua samaki wapate mahali pa kuishi. Hawakujua neno virusi, lakini walijua kwamba maji yaliyotulia yanahitaji mlinzi.

Utafanya nini nyumbani?

Hakuna anayekukataza kuhifadhi maji. Wakati wa mgao, asiyehifadhi atataabika. Jambo la muhimu ni namna ya kuyahifadhi.

Kwanza, funika kila chombo. Mfuniko ukae sawasawa, usiache upenyo. Pipa lisilo na mfuniko lifunikwe kwa kitambaa kizito au wavu wenye matundu madogo, ulifunge kwa kamba pembeni. Mbao iliyolazwa juu haitoshi, maana mbu hupita ubavuni.

Pili, mara moja kwa wiki sugua kuta za ndani za chombo kwa brashi ngumu. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, kwa kuwa mayai yamegandamana na ukuta. Chagua siku moja, iwe Jumamosi au siku nyingine, na isipite. Mbu huchukua kama wiki moja kukomaa, kwa hiyo anayesugua kila wiki humkatiza safari.

Tatu, tumia kwanza maji ya zamani kabla ya kuongeza mapya. Pipa linalojaziwa juu kila siku bila kuisha ndilo shamba la mbu.

Nne, kabla ya mvua kuanza, safisha uani. Ondoa matairi, makopo na vifuu. Tazama visahani vya maua, na mabati ya kukingia maji ya paa yaliyozibwa na majani. Fanya hivyo mvua inapotabiriwa, usingoje inyeshe.

Tano, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa kwa kufuata maagizo ya kwenye pakiti, nayo yatengwe na maji ya kuogea. Tenga pia chombo kidogo cha kunawia mikono, ambacho hakitaguswa kwa kazi nyingine.

Mtoto anayelala mchana alazwe ndani ya chandarua. Mgonjwa mwenye homa naye alale ndani yake hata mchana, ili mbu asimwume akapeleka virusi kwa jirani.

Ukipatwa na homa

Homa ya dengi huanza ghafla. Mgonjwa huumwa na kichwa, huhisi maumivu nyuma ya macho, misuli na viungo, na pengine hutokwa na vipele. Chikungunya hufanana nayo, ila viungo huuma zaidi, na maumivu huweza kudumu wiki au miezi.

Usinunue dawa ya malaria kwa kukisia. Nenda ukapimwe. Ikiwa si malaria na homa inaendelea, mwulize mhudumu wa afya kuhusu dengi. Kwa maumivu, paracetamol ndiyo salama zaidi kwa kipimo sahihi. Usimeze aspirin wala ibuprofen mpaka dengi iwe imekataliwa, kwa maana dawa hizo huweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu. Kunywa maji mengi.

Zijue dalili za hatari: maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, damu kutoka puani au kwenye fizi, kupumua kwa haraka, kulegea sana au kuwa na wahaka usio wa kawaida. Dalili hizo mara nyingi hutokea homa inapoanza kushuka, wakati ambao jamaa wa mgonjwa hudhani amepona. Ukiziona, mpeleke hospitalini mara moja, usingoje kukuche.

Usikilize utabiri kwa sikio jipya

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa makadirio ya mvua za masika na za vuli kabla ya kila msimu. Usikilizapo, jiulize maswali mawili. Je, miezi iliyopita ilikuwa mikavu kuliko kawaida ya hapa kwetu? Je, mvua kubwa inakaribia? Ikiwa jibu la maswali yote mawili ni ndiyo, basi wewe na majirani zako mko katika kile kipindi ambacho hesabu za Barbados zilikionyesha kuwa cha hatari.

Kupiga dawa mtaa mzima ni kazi ya serikali ya kaunti, na kuyatoa maji katika mfereji ni kazi ya kampuni ya maji. Tuna haki ya kuwadai watimize kazi hizo. Lakini mbu huyu haruki mbali. Kwa kawaida anayekuuma amezaliwa nyumbani kwako au kwa jirani yako. Kabla ya kulala leo, tazama pipa la maji lililo bafuni. Ikiwa halina mfuniko, litafutie.